Simile!



Atakaye kuujua Mji wa Kale wa Mombasa, tungemshauri kwanza afumbe macho. Majumba yake amekwisha kuyaona katika picha: milango ya nakshi, roshani za mbao, kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Sauti zake hazipigiki picha. Ukitoka Msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake huhesabiwa tangu mwaka 1570, baada ya swala ya Alfajiri, ukashika Ndia Kuu kuelekea Ngomeni, utamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Utasikia ufagio wa chelewa ukipita barazani, na mahamri yakitiwa mafutani nyuma ya dirisha lililo wazi. Kisha kutoka mbali yatakujia magurudumu ya mkokoteni wa maji. Hamali hamwoni vyema aliye mbele yake, kwa maana mitungi imempanda hadi usoni, kwa hivyo huita: "Simile! Simile!"

Neno hili wazee wetu walilijua kwa wingi kuliko sisi, na sisi twalijua kuliko watoto wetu. Wenye elimu ya maneno husema asili yake ni Bismillahi. Mtu aliyebeba mzigo mzito alilitaja jina la Mola wake, kwa mzigo wake na kwa aliye mbele yake, na watu wakajua kwamba yuaja, wakampisha. Ulimi wa njiani ukalifupisha hata likawa simile. Basi hiyo ndiyo honi ya kwanza ya mitaa hii, na ilianza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu.

Mwezi uliopita tuliitwa katika shauri la honi ya namna nyingine. Jirani yetu mmoja, mjane auzaye mahamri na mkate wa sinia, alitubishia hodi baada ya Isha, buibui lake likinukia iliki.

"Sheikh," alisema, "mwanao amenunua lori la jeshi."

Alisema mwanao kwa sababu kijana huyo alisoma kwetu madrasa tangu alifu hadi akahitimu juzuu zake, na hata sasa hutuita maalim. Lori hilo ni Bedford, kazi ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, lililotumikia jeshi miaka mingi, kisha likauzwa, likapita mikono kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Rangi ya kijani ilikuwa imekwisha kufunikwa kwa buluu, ila chini ya mlango, palipochubuka, kijani bado chachungulia. Ni gari la kimo kirefu, lenye magurudumu makubwa na bodi la chuma. Mama mtu alikuwa ametoa bangili zake mbili za dhahabu na zamu yake ya chama cha akina mama ili mwanawe apate kazi ya kuchukua mchanga na kokoto kutoka upande wa Kusini.

Lililomleta kwetu halikuwa lori. Kijana alikuwa amekusudia kuitoa honi ya jeshini, aliyosema yalia kama mbuzi mwenye mafua, na kutia honi ya upepo ya pembe tatu. Nyumbani mwao, ghorofa ya pili, binti wa huyo mama yumo katika arobaini yake na kitoto kichanga, na chumba cha pili yupo bibi mkongwe mwenye maradhi ya moyo. Lori hulala Makadara, lakini asubuhi hupita chini ya dirisha lao kuchukua chakula na tanboi.

"Mimi nimetoa bangili zangu apate riziki," alituambia, "sikutoa apate makelele. Mimi hanisikizi. Enda naye wewe, Sheikh."

Tukaenda naye.

Njiani tulimsikiza kwanza, kwani si haki kumhukumu kijana kabla ya kuijua hoja yake, naye alikuwa nayo. "Maalim," alisema, "wewe waijua Ndia Kuu. Barabara ya Nairobi huijui. Kuanzia Changamwe hadi Mariakani, lori bila honi halihesabiwi. Trela lakuja upande wako kama kwamba hupo. Honi hii ya sasa hata mbuzi haimtishi." Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba wenziwe huegesha magari yao wakapiga honi moja baada ya nyengine kama watu wanaosalimiana, na yake ikilia wao hucheka. Tuliyaona maneno yote mawili kuwa ya kweli, na la pili kuwa ndilo zito.

Karakana ilikuwa upande wa Shimanzi, chini ya mwarobaini, baina ya vyuma vikuukuu na mapipa ya mafuta. Tulipewa kiti cha plastiki na chai ya rangi. Kwa muda wa saa tatu tulijifunza mambo ambayo vitabu vyetu havina, nasi tutayaeleza, kwa maana nyinyi mama zetu ndio mnaolipia vyombo hivi bila ya kuambiwa vinafanya kazi vipi.

Honi ya kawaida ya gari huendeshwa kwa umeme: sumaku huvuta kiwambo chembamba cha chuma na kukiachia mara nyingi sana, kiwambo kikatetema, sauti ikatoka. Honi ya upepo haina haja ya sumaku. Hewa iliyoshindiliwa katika tangi hufunguliwa njia kwa vali, ikapita kwa nguvu chini ya kiwambo, nacho kikatetema, na pembe iliyo mbele yake ikaikuza sauti ile. Pembe ikiwa ndefu, sauti huwa nzito. Ikiwa fupi, huwa kali. Ndiyo maana huwekwa mbili au tatu za urefu mbalimbali, zikalia pamoja kama waimbaji.

Tulipokuwa tukingoja, tuliikumbuka siwa. Mababu zetu waliijua elimu hii ya pembe ndefu kabla ya kuwako lori lolote. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, waliofuatana naye waliandika kwamba mfalme wa mji alikuja na wapigaji wa pembe mbili za ndovu zilizochongwa, kila moja kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu lililokuwa ubavuni. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zingalipo, zimehifadhiwa katika makumbusho. Lakini siwa haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ilipulizwa katika harusi za watukufu na mambo makubwa ya mji, na asiyestahiki hakuigusa. Tulimweleza kijana habari hii. Alisikiza kwa adabu, macho yake yako kwenye zile pembe tatu za kromu zilizokuwa zikitolewa katika boksi.

Hapa yatupasa kukiri. Fundi alipokata paipu ya tangi la upepo na kuunganisha ya honi, tulimuuliza upepo ule ni wa kazi gani. Akajibu: "Ni wa breki, Sheikh. Lakini upepo ni upepo, unatosha wote." Hatukuuliza la pili. Pembe zilikuwa ziking'aa juani, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikuwa tumevutiwa kama kijana mwenyewe.

Honi ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza, kunguru wote wa Shimanzi waliruka. Na wanaoijua Mombasa wajua hao ni kunguru wangapi.

Siku ya tatu kijana alituomba tufuatane naye hadi Kusini, tuushuhudie mzigo wake wa kwanza tangu kubadilisha honi na kuuombea dua. Tulipanda, kwa taabu kidogo, maana ngazi ya lori lile ilikusudiwa miguu ya askari wala si ya walimu wa madrasa. Tulipita Barabara ya Moi chini ya zile pembe nne kubwa za alumini zilizosimama kama ndovu wawili wenye kukabiliana. Watoto wa skuli walinyosha mikono kumuashiria apige honi. Akapiga. Watoto wakashangilia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka na mwanawe mgongoni alishituka, akarudi nyuma hatua mbili hadi karibu ya gurudumu la tuk-tuk. Kijana hakumuona, alikuwa akiwatazama watoto. Sisi tulimuona.

Wanaoijua feri ya Likoni wajua jinsi njia inavyoteremka hadi majini. Magari hupangwa foleni juu, kisha yakaachiwa kushuka kwa zamu, na ubavuni mwao wanashuka watu kwa mamia: wafanyakazi, wanafunzi, akina mama na vikapu, mahamali na mikokoteni. Zamu yetu ilifika. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa magunia ya nazi, umekwenda upande kidogo. Hamali wake alikuwa mzee. Kijana angeweza kungoja. Akabonyeza kidude cha honi.

Ikalia. Akakiachia kidude, nayo haikunyamaza. Vali ilikuwa imekwama wazi. Baadaye tulielezwa sababu: magari ya kijeshi aghalabu hutumia umeme wa volti 24, na vali ile ilikuwa ya volti 12, ya magari madogo, ikapata moto kupita kiasi chake na kunasa. Wakati ule hatukujua lolote ila kelele. Watu wote wa mteremko ule waligeuka. Wengine walikimbia, na hakuna aliyejua akimbilie upande gani, kwa sababu honi ikishakuwa moja tu isiyokoma haikuambii gari liko wapi. Mzee wa mkokoteni aliachia mikono ya mkokoteni akaziba masikio. Tanboi alikuwa akipiga kelele nasi hatusikii neno.

Kisha sauti ikaanza kudhoofika, ikawa kama mtu anayekata roho, ikakoma. Tulishukuru. Kijana hakushukuru. Alikuwa akiitazama geji ya upepo, na sindano yake ilikuwa imelala chini kabisa. Honi ilikuwa imekunywa upepo wote wa breki.

Alikanyaga breki, nayo ikawa ngumu kama jiwe. Lori lile, lenye uzito wa tani kadhaa hata likiwa tupu, lilianza kwenda taratibu kuelekea kwenye magunia ya nazi, kwa mzee aliyekuwa ameziba masikio. Hapo hapakuwa na honi ya kumwonya. Tulifungua kinywa tukaita, wala hatukuchagua neno; lililotoka ni lile la utotoni, "Simile! Simile, mzee!" Kijana alivuta breki ya mkono kwa mikono yake miwili, akatia gea ya kwanza kwa nguvu, akaligeuza gurudumu la mbele likapanda ukingo wa njia. Lori likatetemeka, injini ikazima, likasimama. Baina ya bampa na mkokoteni ungepita mkeka uliokunjwa, pengine na mtu mwembamba. Mzee alikuwa ametoka.

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Nazi tatu ziliviringika hadi majini.

Jioni ile tulikaa na mama na mwanawe. Mama alilia, kisha akakasirika, kisha akaleta chakula, kwa utaratibu huo. Kijana alitaka kuing'oa honi na kuitupa. Hatukumwambia aitupe. Mwenye lori barabara kuu anahitaji sauti ya kumfikia aliye mbali, na hoja yake ya kwanza haikuwa ya uongo. Tulimrudisha kwenye ile ya pili, ya wenziwe wanaocheka.

Tulimkumbusha masomo aliyoyasoma akiwa mdogo. Katika Abu Dawud imo habari ya Masahaba waliokuwa safarini pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mmoja alilala, mwenzake akaenda akaishika kamba aliyokuwa nayo, yule akagutuka kwa hofu. Mtume akawafahamisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia Muislamu mwenziwe hofu. Na hiyo ilikuwa kamba tu. Tena walipopanga huko Madina watu waitwe vipi kuja kuswali, wako waliotaja kengele na wako waliotaja pembe, na lililochaguliwa ni sauti ya mwanadamu: Bilal akaambiwa asimame aadhini. Hatusemi kwamba honi ya lori ni haramu kwa habari hii. Twasema kwamba pembe ililetwa mbele ya watu bora wa umma huu, ikazingatiwa, na sauti yenye maneno ikapendelewa.

Mama akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa tangu jambo hili lianze: "Na serikali yasemaje?"

Serikali imesema. Kanuni za kuzuia uchafuzi wa kelele na mtetemo za mwaka 2009 zakataza kupigwa honi ya gari isipokuwa kwa haja ya kuepusha ajali. Kwa mitaa ya makazi zimeweka kiwango cha nje kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo waanza saa 2, muda mfupi tu baada ya Isha. Honi ya upepo, kwa mtu aliye karibu, yaweza kupita desibeli 110. Wala hesabu hii si kama ya kilo za mchele: kila desibeli 10 zinapozidi, nguvu ya sauti huzidi mara 10, na sikio huihisi kama imezidi maradufu. Tieni sauti hiyo katika kichochoro chetu chenye upana wa mikono miwili iliyonyoshwa, kuta za mawe pande zote, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Haina pa kwenda ila ndani ya nyumba.

Bibi mkongwe, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka chumbani: "Mimi nilikwisha kuisikia juzi. Nilidhani ni Kiyama, nikatoa shahada."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Fundi wa pili, mtu wa makamo asiyependa maneno, aliilaza kazi ya yule wa kwanza juu ya gunia na kuitazama kwa muda bila kusema. Kisha alifanya haya. Aliirudisha paipu ya breki kama ilivyokuwa. Akatia tangi dogo la pili, la honi peke yake, na baina ya matangi mawili akaweka vali ya kinga, isiyofunguka mpaka tangi la breki liwe limejaa kwa kadiri yake, likipungua hujifunga. Kwa hivyo honi itakula makombo ya breki, na breki hazitakula makombo ya honi. Aliitoa vali ya volti 12 akatia ya 24, pamoja na fyuzi. Akaweka bilula karibu na dereva, ili honi ikikwama ifungwe kwa mkono. Pembe mbili kali alizitoa, akaacha moja ndefu yenye sauti nzito. Na ile honi ya jeshini, yule mbuzi mwenye mafua, aliirudisha mahali pake, akatia swichi: upande mmoja honi ya mjini, upande wa pili honi ya barabara kuu.

Pembe mbili zilizobaki kijana alitaka kuziuza. Mama yake amezichukua. Moja imesimama barazani mwao, imetiwa maua ya asumini.

Kwa hivyo, mama zetu, mkiombwa bangili kwa ajili ya gari la mwana, ulizeni upepo wa honi watoka wapi. Sisi tuliokwenda kwa niaba yenu hatukuuliza ipasavyo.

Jumanne iliyopita lori lilileta tangi la maji la madrasa. Lilipita taratibu hadi mahali njia inapokuwa nyembamba, na hapo likakuta mkokoteni mbele yake, umejaa makaa, hamali ameinama, anavuta pumzi. Tulikuwa barazani tukitazama. Kijana alizima injini. Akatoa kichwa dirishani, huko juu, akaita:

"Simile, mzee!"

Hamali hata hakugeuka. "Simile mwenyewe," alijibu. "Mwenye lori ni nani, mimi au wewe? Shuka unisukumie."

Kijana akashuka.